Kuchongesha vipuri nje ya nchi: piga hesabu ya unene wa nikeli, zinki na kromu kabla hujatuma mchoro

Shafti 40 zilifika Dar, kila moja imeviringishwa karatasi yake ya mafuta, zinang'aa vizuri, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye beringi kwa mkono kama ilivyotakiwa. Zilikuwa za pampu za mashine ya kujaza juisi, chuma cha kawaida kimechovywa nikeli kwa sababu pale kiwandani wanaosha mashine kwa maji kila siku, na beringi ni 6205, ile kila fundi anaijua, tundu lake milimita 25. Mchoro nilituma mimi mwenyewe. Niliandika 25 h6, yaani kipenyo milimita 25 kisichozidi hapo na kinachoweza kupungua maikroni 13 tu (maikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), chini nikaandika nikeli maikroni 10, basi. Saplaya kule China akachonga 25 h6 safi kabisa, akapeleka kuchovya, nikeli ikakaa maikroni 10 kama ilivyoandikwa, na shafti ikanenepa maikroni 20 kwa kipenyo. Kila mtu alifanya alichoambiwa.

Fundi wetu wa lethi akaifunga moja kwenye chaki, yale meno ya mashine yanayoshika kipande, akaanza kuipiga msasa namba 600 taratibu huku anapima na maikromita. Nikeli ya aina ile ina unjano kwa mbali sana, ukiiweka karibu na dirisha unauona, sasa tukawa tunaangalia ule unjano unafifia na kijivu cha chuma kinatokea kwa mistari mistari, na maikromita bado inasoma juu ya 25.000. Ili shafti iingie ilibidi tuondoe nikeli yote. Mtu mmoja akasema tupashe moto beringi tuzipachike hivyo hivyo, nikakataa, maana 6205 ya kawaida nafasi yake ya ndani ni maikroni 5 mpaka 20 tu, shafti ikizidi hivyo inaitanua pete ya ndani, ile nafasi inaisha, beringi inachemka na inakufa mapema, na atakayelaumiwa ni aliyeuza mashine.

Naandika hii kwa wadau wanaochongesha vitu nje, iwe China au India, shafti, bushi, pini, bolti maalum, bodi za valvu, alafu vinachovywa nikeli au zinki au kromu. Kitu ninachotaka ushike ni kimoja: ngozi ya pletingi, yaani hiyo nikeli, zinki au kromu iliyochovywa, ni kipimo kama kipenyo na urefu, ina kiwango cha juu na cha chini, na tofauti kati ya hivyo viwili inakatwa kwenye toleransi ya mchongaji, ile nafasi ya kukosea anayoruhusiwa. Usipoikata we kwenye mchoro ataikata mtu mwingine ambaye hajui shafti yako inaenda kuingia wapi.

Hesabu yenyewe

Pletingi inakaa juu ya kila uso. Kwenye uso mmoja bapa unaongeza unene mara moja, kwenye kipenyo cha shafti unaongeza mara mbili kwa sababu inakaa pande zote, na tundu linapungua mara mbili vile vile. Mpaka hapo wengi wanajua. Shida inaanza pale mtu anapochukua wastani, anasema nikeli ni 10, mara mbili ni 20, nashusha kipenyo maikroni 20 nimemaliza. Hujamaliza. Nikeli haiwezi kukaa 10 kamili kila mahali, kuna sehemu itakaa 8 na sehemu itakaa 12.

Chukua shafti ile ile. Baada ya kuchovya unataka iwe h6, yaani kati ya 24.987 na 25.000. Umekubaliana na saplaya nikeli iwe 8 mpaka 12, kwaiyo kipenyo kitaongezeka kati ya 0.016 na 0.024. Kipenyo kikubwa kabisa cha kuchonga unakipata kwa kutoa ongezeko kubwa kwenye kikomo cha juu: 25.000 toa 0.024, ni 24.976. Kidogo kabisa unakipata kwa kutoa ongezeko dogo kwenye kikomo cha chini: 24.987 toa 0.016, ni 24.971. Kati ya 24.971 na 24.976 kuna maikroni 5. Hizo tano ndo mchongaji wako amebakiwa nazo, toka 13 za mwanzo. Nane zimeliwa na pletingi.

Yule aliyeshusha 20 kwa wastani angechonga kati ya 24.967 na 24.980, na ukiweka nikeli ya 12 juu ya 24.980 unapata 25.004, umetoka nje, na ukiweka nikeli ya 8 juu ya 24.967 unapata 24.983, umetoka nje upande wa pili. Kwahiyo shafti zinaweza kuwa zimechongwa sawa na mchoro, zimechovywa sawa na oda, na bado baadhi zikakataliwa.

Sasa jaribu na saplaya anayekwambia nikeli 10 jumlisha au toa 5, wapo wengi wanaoandika hivyo kwenye kwotesheni na hawana nia mbaya. Ongezeko linakuwa 0.010 mpaka 0.030. Kikomo cha juu cha kuchonga kinatoka 24.970 na cha chini kinatoka 24.977. Cha juu kimekuwa chini ya cha chini. Hapo hakuna fundi duniani atakayekuchongea, si wa China si wa Ujerumani, na hesabu hiyo ya mistari miwili ungeweza kuifanya nyuma ya risiti kabla hujatuma hela.

Ukijikuta hapo usikimbilie kumbana saplaya. Mara nyingi dawa ni kurudi kwenye mchoro wako. Jiulize je hapo panataka h6 kweli? Ukikubali h7 baada ya kuchovya, yaani 24.979 mpaka 25.000, na nikeli ile ile ya 8 mpaka 12, mchongaji anapata maikroni 13 na hiyo ni kazi ya kawaida kwa kiwanda chochote chenye mashine ya kusaga shafti. Au uliza kama ile sehemu ya beringi inahitaji nikeli kabisa, maana iko ndani ya nyumba ya beringi yenye sili (mpira wa kuzuia maji) na grisi, unaweza kuagiza izibwe isipate dawa, ichovywe sehemu inayoguswa na maji tu. Kuziba kuna gharama yake kwa kila kipande kwa sababu ni kazi ya mkono, lakini kwenye oda ya vipande 40 ni nafuu kuliko kutupa 40. Njia ya tatu ni kromu ngumu, unachovya nene kuliko unavyohitaji, alafu unasaga mpaka kipimo, ndivyo fimbo nyingi za silinda za haidroliki zinavyotengenezwa na hapo kipimo cha mwisho kinatoka kwenye jiwe la kusagia na si kwenye tangi la dawa.

Uzi unataka hesabu yake

Kwenye uzi watu wanaumia zaidi kuliko kwenye shafti. Uzi wa milimita una pembe ya digrii 60, na ukifuata jiometri yake kila maikroni 1 inayokaa kwenye mbavu za uzi inaongeza maikroni 4 kwenye kipenyo cha katikati, kile ambacho geji ya pete, ile ya kujaribia uzi, inakikamata. Si mbili, ni nne.

Bolti ya kawaida ya 6g (hilo ni daraja la toleransi ya uzi) imeachiwa nafasi makusudi. M10 ina nafasi ya maikroni 32, gawa kwa 4 unapata 8. M8 ina 28, unapata 7. M6 ina 26, unapata 6 na nusu. Huo ndo unene wa juu unaoweza kuuweka kwenye uzi uliokatwa mpaka kikomo chake cha juu na bado nati ya kawaida ikaingia bila kubishana. Sasa mtu wa Tanga au Mombasa anataka bolti zake zivumilie upepo wa bahari, anaandika zinki maikroni 12 kwenye M8, hafikirii kitu kingine, na bolti zikifika nati inaingia nyuzi mbili inakwama, fundi anachukua dai, kile kifaa cha kukatia uzi, anaukata uzi upya na zinki yote inabaki sakafuni. Ukitaka zinki nene sema uzi ukatwe 6e badala ya 6g kabla ya kuchovya, M8 ya 6e ina nafasi ya maikroni 63, gawa kwa 4 ni 15 na ushee.

Tundu lenye uzi wa 6H, daraja la kawaida la nati na matundu, halijaachiwa nafasi yoyote, linaanzia sifuri. Kwa zinki ya umeme mara nyingi unapona kwa sababu umeme hauingii vizuri ndani ya tundu na zinki inakaa kidogo sana mle. Nikeli ya kemikali, ile inayokaa bila umeme, inaingia mpaka kwenye kona ya mwisho, kwaiyo hapo agiza 6G, yaani tundu lililoachiwa nafasi, au tepu (kifaa cha kukata uzi wa ndani) kubwa kidogo, au waweke plagi za silikoni. Na matundu yasiyotokea upande wa pili yanashika dawa, inabaki mle, inatoka baadae kwa safari na kuacha michirizi ya kutu kwenye kitu kipya, ukiweza toboa yatokee.

Kila dawa ina tabia yake

Zinki, kromu na nikeli ya kawaida zinakaa kwa nguvu ya umeme, na umeme unapenda kingo na ncha. Ukingo mkali wa shafti unaweza kupata mara mbili ya unene wa katikati, hata zaidi, na ndani ya mifereji na kona inakaa nyembamba. Shafti ndefu ukiikata kwa urefu ukaiangalia kwa darubini ngozi yake imekaa kama mfupa wa paja, mnene huku na huku na mwembamba katikati. Kwahiyo kwenye mchoro agiza kingo zote zivunjwe, mviringo wa nusu milimita unasaidia sana, na usiweke fiti ya kubana, yaani sehemu ya kuingiana na kipande kingine kwa kubana, mwishoni kabisa mwa kipande kama una uhuru wa kuisogeza.

Nikeli ya kemikali haitumii umeme, inakaa sawa karibu kila mahali dawa inapofika, na kama vipimo vyako vinabana hii ndo ya kuagiza. Saplaya mzuri anaweza kukubali jumlisha au toa maikroni 2 au 3 kwenye 10. Kwa zinki usitegemee hivyo, ukipata 5 mpaka 12 kwenye uso wa kawaida shukuru.

Uliza pia kama wanachovya kwa kutundika kwenye fremu au kwa pipa linalozunguka. Pipa ni rahisi bei, vitu vidogo vinachanganywa humo kama njugu, vinagongana, na unene unatofautiana kipande na kipande. Kwa pini ndogo na washa sawa. Kwa shafti yenye uso wa sili hapana, itafika na alama za kugongwa.

Kitu kimoja nje ya unene lakini usikisahau: chuma kigumu, bolti za 12.9 (daraja la bolti ngumu sana) na shafti zilizopigwa moto, haidrojeni inaingia ndani wakati wa kusafishwa kwa asidi na wakati wa kuchovya kwa umeme, na kitu kinaweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kufungwa. Dawa yake ni kuokwa kwenye oveni karibu nyuzijoto 190 mpaka 220 kwa masaa mengi, mara tu baada ya kutoka kwenye tangi, si kesho yake. Iandike kwenye mchoro na uombe karatasi ya oveni.

Viwango vinakupa cha chini tu

Hapa ndo nimeona hata mainjinia wazuri wanateleza. Wanaandika jina la kiwango wanadhani wamefunika kila kitu. ISO 2081 ya zinki ukiandika Fe/Zn 8 maana yake ni zinki juu ya chuma isiyopungua maikroni 8 mahali popote penye umuhimu. Isiyopungua. ASTM B633 ya Wamarekani nayo ina ngazi zake 5, 8, 12 na 25, zote ni za chini. ASTM B733 ya nikeli ya kemikali ina 5, 13, 25 na 75, za chini vile vile. Hakuna hata kimoja hapo kinachomwambia mchovyaji asizidishe wapi. Mchovyaji akikuwekea 20 mahali ulipoandika Fe/Zn 8 amefuata kiwango kikamilifu. Kiwango kinakulinda na kutu, fiti unailinda mwenyewe kwa kuandika namba ya juu pembeni ya namba ya chini.

Alafu kuna hiyo "mahali penye umuhimu". Kama hujasema ni wapi, utaratibu wa ISO 2081 na ASTM B633 ni kwamba unahesabiwa uso ambao mpira wa kama milimita 20 unaweza kuugusa. Ndani ya tundu la milimita 12 mpira huo hauingii, kwaiyo pale hukuagiza unene wowote, hata kama wewe kichwani tundu ndo ulilolihitaji. Chukua mchoro, weka alama A, B, C sehemu tatu au nne ambazo unene utapimwa, na sema kila moja inataka ngapi mpaka ngapi.

Na andika wazi kwa herufi kubwa, lugha anayosoma saplaya, kwamba vipimo ni vya baada ya pletingi. Mimi siku hizi naweka vyote viwili kwenye karatasi, kipimo cha baada ya kuchovya kwenye mchoro wenyewe na jedwali dogo pembeni lenye kipimo cha kuchonga, na nasema kikitokea kugongana kinachoamua ni cha baada. Wengine wanasema ukimpa mchongaji vipimo viwili unamchanganya, mi naona anachanganyikiwa zaidi akipewa kimoja kisichosema ni cha lini.

Vizio navyo. Kwenye viwanda vya China mafundi hawaongei maikroni, wanatumia kizio chao ambacho wengine wanakiita "tiao" na wengine wanakiita "si", na moja ni 0.01 ya milimita, yaani maikroni 10. Ukisikia kwenye simu au kwenye tafsiri ya WeChat "nusu tiao" ni maikroni 5. Wamarekani wana mil yao ambayo si milimita, ni sehemu moja ya elfu ya inchi, maikroni 25.4. Andika milimita tatu baada ya nukta, 0.008 mpaka 0.012, hiyo inaeleweka popote.

Nani anachovya hasa

Kiwanda kinachokuchongea mara nyingi si kinachochovya. Kuchovya kunatoa maji yenye sumu, na China wachovyaji wengi wamekusanywa kwenye maeneo yao maalum yenye mtambo wa pamoja wa kusafisha maji, kwaiyo vipande vyako vinapakiwa kwenye kirikuu vinaenda kwa mtu ambaye hajawahi kuona mchoro wako, amepewa karatasi ndogo imeandikwa nikeli 10. Muulize saplaya moja kwa moja: mnachovya wenyewe au mnapeleka nje, mnapeleka kwa nani, ni yule yule kila bechi? Na omba picha ya ile karatasi ndogo. Nimewahi kuomba, nikakuta alama zangu A, B, C hazipo, wala namba ya juu haipo, yaani vyote nilivyoandika kwa uangalifu vilibaki ofisini kwa muuzaji. Picha moja ya simu ilituokoa bechi nzima.

Muulize pia wakikosea wanafanyaje. Kawaida wanaiondoa nikeli kwa dawa wanachovya upya, na ile dawa inaweza kula chuma, kipimo kinashuka na uso unakuwa na vijitundu. Sema usipewe vilivyochovywa mara ya pili bila kuambiwa.

Sampuli na kupima

Usiagize bechi kabla ya sampuli, na sampuli omba hivi: vipande vitano toka mchongo mmoja, viwili visichovywe kabisa, vitatu vichovywe. Wengi wanaomba vilivyochovywa tu. Vile viwili vitupu vina thamani kubwa, kwanza vinakuonyesha alichonga kipimo gani kabla ya dawa, pili ndivyo utakavyotumia kuweka sifuri kwenye geji ya unene maana geji za mkono zinadanganya kwenye uso wa mviringo mpaka uzisetie kwenye umbo lile lile na chuma kile kile, na tatu mkigombana baadae una ushahidi usiobishaniwa. Mi vyangu nimevipaka mafuta nimevifungia kwenye mfuko, vina tarehe.

Vile vitatu vya kuchovywa viandikwe namba kwa kalamu ya kuchora chuma, vipimwe kabla na baada kwenye alama zile zile A, B, C, na maikromita inayosoma 0.001. Ya 0.01 haifai hapa, na venia isahau kabisa. Tofauti ya kipenyo gawa kwa 2, huo ndo unene wa pletingi mahali pale.

Geji ya mkono ya sumaku, zile ndogo za kupima rangi ya magari, inafaa kwa zinki na kromu juu ya chuma. Kwa nikeli kuwa mwangalifu, nikeli ya kawaida ya umeme nayo inavutwa na sumaku kwaiyo geji inachanganya ngozi na chuma na inakupa namba ya uongo. Nikeli ya kemikali yenye fosforasi nyingi haivutwi, hiyo inapimika.

Ripoti nyingi za saplaya zinatoka kwenye mashine ya XRF, ile ya mionzi ya eksirei, nzuri na haraka, haiharibu kipande. Ila uliza ilisetiwa kwa sampuli gani. Nikeli ya kemikali ina fosforasi ndani na uzito wake kwa ujazo ni mdogo kuliko wa nikeli tupu, karibu 7.8 mpaka 8.1 badala ya 8.9, na mashine iliyosetiwa kwa nikeli tupu inaweza kukosea kwa asilimia kama 10. Kwenye 10 ni maikroni moja kila upande, mbili kwa kipenyo, na wewe una 5 tu za kuchezea. Ripoti yenye wastani peke yake irudishe, omba kila namba ya kila alama. Kukiwa na ugomvi mkubwa, kata kipande kimoja, kisugue king'ae, kipimwe kwa darubini kwa utaratibu wa ISO 1463, hapo mabishano yanaisha.

Kama huna vifaa kuna njia ya mzani na mi naipenda. Shafti ya kipenyo cha 25 na urefu wa 200 ina uso wa kama sentimita za mraba 167 ukijumlisha na miisho yake miwili. Nikeli ya kemikali ya maikroni 10 juu yake ina uzito wa kama gramu 1.3. Mzani unaosoma 0.01 ya gramu na kubeba kilo moja unatosha, maana shafti yenyewe ina kama gramu 770. Apime kabla, apime baada, akutumie picha ya kioo cha mzani na namba ya kipande ionekane. Inakupa wastani tu, haikwambii kingo zikoje, lakini aliyechovya 4 badala ya 10 hawezi kujificha hapo.

Joto la huku kwetu pia lina la kusema. Vipimo vyote vya michoro vinahesabiwa kwenye nyuzijoto 20. Chuma cha milimita 25 kikitoka 20 kwenda 32 kinanenepa karibu maikroni 3 na nusu. Maikromita nayo ni chuma, kama vimelala pamoja usiku kucha kwenye chumba kimoja hiyo inajifuta kwa kiasi kikubwa, lakini shafti uliyoitoa sasa hivi kwenye boksi lililoshinda juani pale nje na maikromita uliyoitoa kwenye droo ya ofisi yenye kiyoyozi hazitakupa ukweli. Vilaze pamoja, pima asubuhi, shika kwa kitambaa.

Hela na mzigo

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Ifunge ile 70 na vitu vilivyoandikwa kwenye oda: ripoti ya kila alama, picha za mzani, na vipande vitatu kwa DHL ulivyovichagua we kwa namba, si walivyovichagua wao. Kwa mzigo wa thamani kubwa lipia mkaguzi, SGS, Bureau Veritas na Intertek wote wanafanya ukaguzi kabla ya kupakia kule, ila mkaguzi anapima anachoambiwa, ukimpa mchoro usio na kikomo cha juu cha unene naye hataupima. Mpe lile jedwali lako lenye A, B, C.

Mzigo unakaa baharini wiki kadhaa, agiza mifuko ya kuzuia kutu na vifuko vya kunyonya unyevu, na kila shafti ifungwe peke yake zisigongane.

Ukifika, usifungue maboksi yote. Toa vipande kumi toka maboksi tofauti, juu, katikati na chini, vilaze usiku kucha na maikromita na kile kipande kitupu, asubuhi pima, alafu chukua beringi mpya au geji ya uzi ujaribu kwa mkono. Oda yetu ya pili ya shafti zile tulibadilisha ikawa h7 baada ya kuchovya, nikeli 8 mpaka 12, kipimo cha kuchonga 24.963 mpaka 24.976, kingo zimevunjwa. Kumi za kwanza nilizopima ndogo ilisoma 24.984 na kubwa 24.997, na beringi iliingia kwa vidole viwili ikakaa.